Maswali Yenu: Eneo la Urithi Liandikwe Jina la Nani?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jambo moja, na naelewa kwa nini. Mji wetu wa Mwanza unapanuka kwa kasi, Kisesa, Usagara, Buhongwa huko kote saivi ni viwanja na madalali, na zile ardhi ambazo wazee walizitenga kwa ajili ya makaburi, ngoma na kumbukumbu zimeanza kutamaniwa na watu ambao hata hawajui pale kuna nini. Nimechagua barua chache, zingine nimezifupisha, majina ya watu na ya taasisi nimeyatoa.

Shikamoo mama. Tuna taasisi ya utamaduni hapa Kisesa, tuna eneo kama eka kumi lina makaburi ya wazee wetu, uwanja wa ngoma na msonge mmoja tunatunzia ngoma, mikuki na vyungu vya zamani. Eneo liliandikwa jina la mwenyekiti wetu wa kwanza kwa kuwa alikuwa mwaminifu na ndo alikuwa anajua maofisi. Amefariki mwaka jana, sasa watoto wake wanasema ni shamba la baba yao na juzi dalali amekuja na watu wanapiga picha. Wanachama tumegawanyika. Tufanyeje? *Msomaji, Kisesa*

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Kwanza msiwageuze hao watoto kuwa maadui, inawezekana kabisa marehemu hakuwahi kuwaambia, wao wameona karatasi ina jina la baba wakaamini, na ukiwa wewe ungeamini pia. Lakini msikae mnasubiri busara, fanyeni haraka, maana dalali akija mara ya pili anakuja na mteja mwenye hela mkononi.

La kwanza kabisa ni mirathi. Kama familia bado iko kwenye kikao cha ukoo nendeni kwenye hicho kikao, ombeni nafasi kwa heshima, na muhtasari uandikwe kwamba eneo lile marehemu alilishika kwa niaba ya taasisi. Kama mirathi imeshafunguliwa mahakamani, kunakuwa na tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, basi pelekeni pingamizi lenu ndani ya muda uliotajwa. Ushahidi wenu ni mihutasari ya zamani, risiti za michango, barua yoyote ya kijiji, picha za ngoma zilizochezwa pale, na majirani wa pande zote nne. Majirani msiwadharau, wakaguzi wakija kuangalia eneo jirani ndo anaulizwa wa kwanza.

Hapo hapo zuieni mauzo. Kama eneo ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haimruhusu mtu kuhamisha haki ya kimila kimya kimya, halmashauri ya kijiji lazima iridhie, kwa hiyo andikeni barua kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata, nakala kwa afisa ardhi wa wilaya, na kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa mbaki nayo. Kama lina hati iliyosajiliwa, nendeni mkaweke zuio kwa Msajili wa Hati, mtu yeyote akifanya sachi, yani kukagua kumbukumbu za hati, kabla ya kununua atalikuta pale. Mkishindwa kuelewana mnaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 linasuluhisha tu haliamui, likishindwa linawapa uthibitisho ndo mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukiruka ngazi hiyo unarudishwa, unapoteza nauli na miezi.

Sasa tuje kwenye chanzo. Eneo la watu wengi haliandikwi jina la mtu mmoja hata kama ni malaika, kwa sababu malaika naye anakufa. Sheria tunayo, ni Sheria ya Usajili wa Wadhamini, Sura ya 318, inasimamiwa na RITA, yani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Bodi ya wadhamini ikishasajiliwa inakuwa na uhai wake kisheria, inamiliki ardhi kwa jina lake, inaweza kushtaki na kushtakiwa, ina lakiri yake. Mdhamini akifa ardhi haiingii kwenye mirathi yake, mnachagua mwingine mnawapa RITA taarifa, na hapo ndo taasisi nyingi zinalala, wadhamini wamekufa wawili mmoja amehamia Dodoma na kule RITA bado wanasomeka wale wale. Pelekeni marejesho na mabadiliko kwa wakati wake.

Ila mwanangu nikuambie jambo linaloniuma. Bodi peke yake haitoshi, kwa sababu mali nyingi za taasisi haziibwi na mtu wa nje, zinauzwa na watu wa ndani wachache waliokaa jioni moja na muhuri mezani. Kule Uingereza kuna taasisi kubwa ya urithi inaitwa National Trust, ilianzishwa 1895, inatunza mashamba, fukwe na majumba ya kale, na mwaka 1907 Bunge lao liliipitishia sheria inayoiruhusu kutangaza ardhi yake kuwa haiuzwi kabisa wala haiwekwi rehani, hata viongozi wake wakitaka hawawezi mpaka Bunge liingilie. Waliona mbali, walijua kiongozi mzuri wa leo hawezi kumsemea kiongozi wa miaka mia mbele.

Sisi taasisi ndogo hatuna Bunge la kutufanyia hivo, lakini katiba yenu mnaandika wenyewe. Wekeni kifungu kwamba eneo la urithi haliuzwi, haliwekwi rehani wala halikodishwi kwa muda mrefu bila theluthi mbili ya wanachama wote kupiga kura kwenye mkutano mkuu ulioitishwa kwa jambo hilo tu, na tangazo litolewe mapema kwa maandishi. Nimesema wanachama wote, sio waliohudhuria, maana waliohudhuria wanaweza kuwa kumi na wawili na mvua inanyesha. Katiba hiyo iwe ndo iliyowasilishwa RITA, nakala iwe kijijini, na pale kwenye eneo simikeni kibao kinachosomeka toka barabarani, jina la taasisi na kwamba eneo haliuzwi, ili mnunuzi asije kusema hakujua.

Na yule mnayemruhusu kulima viazi pembeni ya uwanja, mwandikieni karatasi kwamba analima kwa ruhusa yenu, tarehe na sahihi na mashahidi. Madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12 kisheria, na mtu aliyekaa miaka yote hiyo bila karatasi anaweza kuja kuwasumbua vibaya sana.

Mama shikamoo, mimi ni kijana niko Buhongwa, ni mwanachama wa taasisi ya kumbukumbu ya mtemi wetu wa zamani. Kazi yetu sisi vijana ni kutumiwa namba ya kuchangia kwenye grupu la watsapu basi. Hatujui eneo lina ukubwa gani, hatujui hela zinaenda wapi, ukiuliza unaambiwa huna adabu kwa wazee. Mwaka huu nimeamua sichangii. Nimekosea? *Kijana, Buhongwa*

Marahaba mwanangu. Hasira yako naielewa na kuuliza hesabu sio utovu wa adabu, ila usiache kuchangia kimya kimya, kwa sababu ukinyamaza unafutika kwenye daftari na siku ya kupiga kura ya kuuza au kutouza haumo. Changia, dai risiti, halafu andika barua ya heshima ukiwa na wenzako wengi mkiomba vitu vitatu: daftari la wanachama lisomwe, hesabu za mwaka zisomwe, na mpaka utembelewe.

Hilo la mpaka nalisisitiza mno, naomba viongozi wa taasisi wanaosoma hapa wanisikilize. Mwanachama ambaye hajawahi kukanyaga lile eneo hawezi kulitetea, atatetea nini? Kuna taasisi moja upande wa Magu wana utaratibu wa kutembea mpaka kila mwaka baada ya mavuno na niliuona kwa macho. Mzee anatangulia toka kwenye mkuyu wa kona, anashika mnyaa kwa mkono anasema huu tuliupanda wakati wa fulani, wanafuata mstari wa minyaa na makonge, ukifika mahali uzio umekatika wanasimama hapo hapo vijana wanachoma vijiti vipya ardhini. Kwenye kona ya tatu bikoni, ile zege ya alama ya mpaka, haikuonekana, watu wakaanza kuguna, binti mmoja akafukua nyasi na samadi kwa kisigino mpaka zege ikatokea, kona imemeguka, namba imefutika nusu. Akaipiga picha simu ikiwa imewashwa lokesheni, katibu akaandika kwenye daftari hali ya bikoni na jina la jirani wa upande ule, na jirani mwenyewe alikuwepo kaitwa makusudi akaweka sahihi yake. Wakaendelea. Mwisho walikula ugali na sato chini ya mti, watoto wakaulizwa kona ziko ngapi na waliojibu wakapewa soda. Hao watoto huwadanganyi wakikua.

Jambo lingine ni siku ya mkutano. Viongozi wanalalamika wanachama hawaji, akidi haitimii, sasa unaitisha mkutano mkuu siku ya kazi kwenye darasa lenye madawati ya watoto, ajenda kumi na moja, nani aje? Tazama Bujora. Pale kwenye makumbusho ya Wasukuma, kazi aliyoianza padri David Clement miaka ya 1950, kila mwaka mwezi wa sita kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, watu wanafurika toka Magu, Kwimba, Misungwi mpaka Shinyanga na hakuna aliyewalipa nauli. Wanafuata Bagika na Bagalu, pande mbili za ngoma zinashindana, na kwa desturi mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi kwake, yani anayeamua ni mtu aliyekuja kusimama pale. Kila mtu ana upande wake toka kwa babu yake, kwa hiyo kila mtu ana sababu ya kuja. Umati unaokuja mahali mwaka hadi mwaka ni ulinzi mkubwa, dalali gani atathubutu kusema eneo lile liko wazi?

Kwa hiyo ushauri wangu kwa taasisi zote, mkutano mkuu ufungeni kwenye siku ya ngoma au siku ya kusafisha makaburi. Asubuhi usafi na mpaka, saa sita hesabu zinasomwa kwa sauti na kubandikwa kwenye mlango wa msonge, kura zinapigwa, jioni ngoma. Walio Dar na Geita waruhusiwe kuchagua mwakilishi kwa maandishi, mradi katiba inasema hivo. Na asiye na ada alipe kwa mikono, siku mbili za kufyeka au kuezeka ziandikwe kwenye daftari kama ada kamili, kwa sababu wale wanaoishi jirani na eneo ndo walinzi wenyewe na mara nyingi ndo wasio na hela, ukiwatoa kwa sababu ya elfu kumi umetoa macho yako mwenyewe.

Vijana nanyi jengeni kazi yenu, pigeni picha kila kifaa kilichomo, kila ngoma, kila kiti, andikeni kilitoka kwa nani na kinatumikaje, wahojini wazee mrekodi. Kitu ambacho hakijaandikwa kikitoka usiku hakuna anayeweza kudai kilikuwepo.

Habari mama, eneo letu la matambiko lipo ufukweni hapa Ukerewe, kuna jiwe kubwa na miti. Mwekezaji anataka kujenga hoteli, amesema jiwe ataliacha. Wazee wengine wamelainika. *Msomaji, Nansio*

Nzuri ndugu yangu. Mwambieni asome Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa. Pimeni kwa futikamba toka maji, mtashangaa mpango wake mwingi unaangukia humo. Hiyo inawabana na nyie wenyewe, msije kujenga ofisi ya taasisi pale. Akishinikiza pelekeni malalamiko NEMC, baraza la taifa la mazingira, na kwa afisa mazingira wa halmashauri.

Na jiwe kubaki katikati ya hoteli sio jiwe kubaki. Nani atapiga hodi mapokezi aombe kwenda kutambika? Mwoneni afisa utamaduni wa wilaya awasaidie kuandika kwa wahusika wa Mambo ya Kale, sheria ya mwaka 1964 inaruhusu eneo lenye thamani ya kihistoria kutangazwa na kulindwa. Ng'ambo ya ziwa kule Migori, Kenya, kuna maboma ya mawe ya Thimlich Ohinga, kuta zimepangwa bila udongo wala saruji, na mwaka 2018 UNESCO waliyaingiza kwenye urithi wa dunia. Maboma yale yako mbali na miji mikubwa, yamefika hapo kwa sababu watu wa pale waliendelea kuyatambua kuwa ni yao.

Mama, kwetu shida sio wauzaji, ni ng'ombe. Eneo la taasisi lina miti ya asili mizuri lakini wanachama wenyewe ndo wanaingiza mifugo na kukata kuni, tukiwaambia wanasema si letu sote? *Katibu wa taasisi, Magu*

Ndugu katibu, wako sahihi kwamba ni lao, ndo maana msiwafungie moja kwa moja. Eneo ambalo mwanachama halimfai kitu atalichoka. Wazee wetu Usukumani walikuwa na ngitili, eneo la malisho linafungwa mvua zinapoanza, nyasi zinakua, miti inachipua, halafu linafunguliwa kiangazi kikiwa kimekolea ng'ombe wakiwa hawana pa kwenda. Desturi hiyo ilikuwa imepungua sana, ikafufuliwa Shinyanga kwa mradi wa HASHI, yani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986, sehemu zilizokuwa jangwa zikarudi kuwa na miti na kuni na asali, na mwaka 2002 mradi ukapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Hawakupanda miti mingi kama watu wanavofikiri, kwa sehemu kubwa waliacha visiki vichipue na wakakubaliana nani anaingia lini.

Fanyeni hivo. Kaeni kama dagashida ya zamani, ule mkutano wa jamii nzima, wote, na wachungaji wa ng'ombe wenyewe wawepo, mkubaliane miezi ya kufunga, sehemu ya makaburi isiguswe mwaka mzima, kuni ni zile zilizokauka na kuanguka zenyewe, na faini ijulikane. Halafu pelekeni kijijini iwe sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji uijadili na halmashauri ya wilaya iipitishe, hapo hata asiye mwanachama anabanwa. Makubaliano ya mdomo yanawabana waungwana tu.

Sisi tuko Usagara, tulikuwa kijiji saivi wapima wanapita kila mahali. Tuna hati ya kimila ya eneo la makumbusho yetu. Tuko salama? *Msomaji, Usagara*

Hamjawa salama bado. Hati ya kimila ni ya ardhi ya kijiji, na kijiji kikishaingizwa kwenye mji ardhi inabadilika kuwa ardhi ya jumla, sio ya kijiji tena, na mchoro wa mipango miji ndo unaosema wapi barabara wapi makazi. Nendeni kwa afisa mipango miji na hati yenu mkononi kabla mchoro haujapitishwa, ombeni eneo lichorwe kama la utamaduni, mkijibiwa kwa mdomo andikeni barua. Mkija kupewa hati mpya lipeni kodi ya ardhi kila mwaka, limbikizo la kodi ni sababu tosha ya kuanza kunyang'anywa.

Shikamoo mama. Mimi ni binti wa ukoo, nimeolewa Sengerema. Taasisi ya ukoo wetu imesema mabinti walioolewa sio wanachama kwa sababu tumehama. Lakini mama yangu amezikwa pale na michango ya mazishi nilitoa. Naumia sana. *Msomaji, Sengerema*

Marahaba mwanangu, pole. Nimesoma barua yako nikaiweka chini nikaisoma tena.

Wanachofanya hakikubaliki. Katiba ya nchi inakataa ubaguzi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kutumia au kuifikia ardhi haina nguvu. Hata baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba linatakiwa liwe na wanawake watatu. Sheria imeshawaweka mabinti mezani, ukoo ndo umebaki nyuma.

Na kwa faida ya taasisi yenyewe ni hasara kubwa. Mabinti walioolewa wako Sengerema, Geita, Bariadi, Musoma, wanarudi kwenye kila msiba, ndo wanaojua kaburi lipi la nani kwa sababu wao ndo wanaolala msibani na wanasikia habari zikisimuliwa usiku kucha. Ukiwafuta umefuta nusu ya kumbukumbu unayosema unailinda, halafu umebakiza kaka watatu wanaoweza kukubaliana kuuza kwa simu moja.

Usiende peke yako. Tafuta dada zako wengine walioolewa, andikeni barua moja yenye majina na sahihi zenu wote, mwombe katibu akupe nakala ya katiba ya taasisi uone kama hicho kifungu kipo kweli, mara nyingi hakipo ni maneno tu ya mwenyekiti. Kama hakipo lipeni ada zenu siku hiyo hiyo mdai risiti. Kama kipo, ombeni kiwe ajenda ya mkutano mkuu kwa maandishi, na nakala mwachieni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Akikataa kupokea mbele ya dada zako, mnaandika jina lake, tarehe na saa aliyokataa, mnasaini wote, halafu mnapeleka ngazi ya wilaya.